"KAONDOKA MWENYEWE"



Ndugu zangu, leo nataka tuzungumze juu ya maneno mawili tu. Mke haonekani nyumbani. Mama yake anapiga simu kuuliza, mume anajibu: "Kaondoka mwenyewe." Jirani anauliza, jibu ni hilo. Imamu anauliza baada ya swala ya Isha, jibu ni hilo hilo. Na sisi tunamshika bega tunamwambia, "Subira ndugu yangu, wanawake wa siku hizi ndivyo walivyo," kisha tunatafuta viatu vyetu mlangoni tunaondoka.

Maneno hayo mawili yamewahi kumweka muuaji huru kwa karibu miaka 37. Soma kisa hiki mpaka mwisho, usikiruke kwa sababu ya majina ya kigeni.

Mjini Sydney, Australia, alikuwepo mwanamke anaitwa Lynette Dawson. Kazi yake uuguzi, na alikuwa na watoto wawili wa kike, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 2. Mumewe, Chris Dawson, aliwahi kuwa mchezaji wa raga mwenye jina, kisha akawa mwalimu wa michezo shuleni. Mwalimu huyu akaingia katika mahusiano na mwanafunzi wake, msichana aliyekuwa akija nyumbani kwao kuwaangalia watoto. Mwezi Januari 1982 Lynette akatoweka. Hazikupita siku nyingi msichana yule akahamia katika nyumba ile.

Mume alikwenda polisi lini? Tarehe 18 Februari. Wiki sita baadaye! Na alichokisema ni hicho hicho: kaondoka mwenyewe, amenipigia simu, anahitaji muda wa kukaa peke yake. Simu ambayo hakuna sikio jingine lililoisikia. Mwezi Machi akaweka na tangazo gazetini la kumwomba mkewe awasiliane. Mwaka 1983 akapata talaka mahakamani, mwaka uliofuata akamuoa yule msichana. Nyumba ikabaki kwake, watoto kwake, heshima kwake. Watu wakaendelea na maisha yao.

Mara mbili, mwaka 2001 na 2003, maofisa wa mahakama wanaochunguza vifo vyenye utata walisema mwanamke huyu ameuawa na wakapendekeza mashtaka. Waendesha mashtaka wakasema ushahidi hautoshi, mwili haupo. Mpaka mwaka 2018, mwandishi wa habari mmoja alipokifukua kisa hiki katika mfululizo wa vipindi vya sauti vilivyosikilizwa dunia nzima, na Desemba ya mwaka huo mume akakamatwa. Tarehe 30 Agosti 2022 Jaji Ian Harrison akamtia hatiani kwa mauaji. Alihukumiwa miaka 24, na rufaa yake ya kupinga hatia ikatupwa mwaka 2024. Anaendelea kukana. Polisi walichimba bustani ya nyumba ile mwaka 2018, hawakupata kitu. Mpaka leo hakuna anayejua, isipokuwa Allah na aliyefanya, mwili wa Lynette uko wapi.

Sasa jaji alimtiaje mtu hatiani bila maiti, bila silaha, bila shahidi aliyeona? Kwa kuunganisha mambo, ule unaoitwa ushahidi wa mazingira. Mama anayewapenda watoto wake hawezi kuondoka asiwatafute hata mara moja kwa miaka 40. Hakuna ndugu aliyesikia sauti yake. Zile simu jaji akaona ni uongo wa mume. Tazama basi: mambo haya yote yalikuwa wazi tangu mwaka 1982. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwa nguvu.

Usiseme hayo ni ya wazungu. Mwaka 2019 hapa hapa Dar es Salaam, Kigamboni, mama mmoja alitoweka mwezi Mei. Mume akasema mkewe ameondoka. Julai polisi walipomkamata, habari zikatoka ambazo nchi nzima ilishika kichwa: mwili ulichomwa kwa mkaa ndani ya banda la kuku pale pale nyumbani, na majivu yakapelekwa shambani Mkuranga. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ilimtia hatiani na kumhukumu kunyongwa. Sitaji majina, familia zile ziko hai na kuna mtoto anayekua. Lakini hesabu: kati ya Mei na Julai, ni watu wangapi walilisikia lile jibu wakaridhika nalo?

Takwimu za Umoja wa Mataifa zilizotolewa mwaka 2024 zinasema katika mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 waliuawa na waume, wapenzi au watu wa familia zao wenyewe. Ni kama 140 kila siku. Kwa hiyo mwanamke anapotoweka, na ndani ya nyumba mlikuwa na kipigo, mtu wa kwanza wa kuulizwa anajulikana.

Utaniambia: "Ustadh, tumeamrishwa dhana njema." Naam, tumeamrishwa. Lakini mbona dhana njema yote anapewa mume peke yake? Yule mke haistahili? Ukisema "kaondoka mwenyewe" umeshamtuhumu kuwa ameacha watoto wake na nyumba yake. Na mara nyingi neno halikai hapo. Likifika kibarazani linakuwa "kaondoka na mwanaume". Likifika sokoni mwanaume ameshapata kabila na gari.

Ewe ndugu yangu, unajua umefanya nini hapo? Umemsingizia zinaa mwanamke mwenye kujihifadhi. Rejea Surat an-Nur aya ya 4: anayetuhumu namna hiyo na asilete mashahidi wanne anastahiki viboko 80 na ushahidi wake haukubaliwi. Mashahidi wako wanne wako wapi? Na huenda wakati ule unapolitia chumvi neno hilo, mwenyewe yuko chini ya udongo wa shamba la mtu, hawezi kujitetea. Muuaji amemuua mara moja, nyinyi mnamuua kila jioni mkinywa kahawa. Na Surat al-Hujurat aya ya 6 imetufundisha habari ikija tuihakikishe kwanza. Mwenye habari hii ana maslahi nayo, tena makubwa kuliko mtu yeyote.

Kuna jambo nimelitafakari katika vitabu vya fiqhi. Wanazuoni wamemzungumzia sana mtu aliyepotea asijulikane yu hai au amekufa, anaitwa mafqud. Mume akipotea, mke wake hawezi kuolewa, kwa hiyo suala linafika kwa kadhi. Imepokewa kwa Sayyidna Umar (radhiya Llahu anhu) kwamba angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi. Madhehebu yametofautiana hapo, na katika rai ya mwisho ya Imamu Shafi kungoja ni kurefu zaidi. Lakini mke akipotea? Mume hakatazwi kuoa mwingine. Hana haja ya kadhi wala ya cheti cha kifo. Kwa hiyo suala halifiki popote. Anakuja msikitini na posa mpya, na sisi tunafurahi kupewa bahasha ya ndoa.

Hili nawaambia wenzangu tunaofungisha ndoa: huyu bwana anayekuja kuoa na mkewe hajaonekana miezi mitano, muulize. Mwambie, tutawapigia wazazi wa mkeo wa kwanza. Kama hana neno hatachukia. Akichukia, una kazi ya kufanya, na kazi hiyo si kusoma hutuba ya nikaha.

Na mirathi je? Mali ya aliyepotea haigawanywi kiholela, inahifadhiwa mpaka kifo kithibiti au kadhi ahukumu. Na muuaji wa makusudi harithi kwa aliyemuua, hilo halina mjadala kwa wanazuoni. Sasa mtu anakaa katika kiwanja cha mkewe, anauza vyombo vyake, simu yake, kitenge chake cha harusi, na watoto wa marehemu ndio warithi wenye haki. Anakula mali ya mayatima huku tunamwita baba mvumilivu.

Turudi nyuma kidogo, kabla ya mtu kutoweka, maana hapo ndipo wengi wangeweza kuokolewa.

Katika kesi ya Sydney, mwanamke aliyefanya kazi na Lynette alieleza mahakamani kwamba aliona alama za michubuko shingoni mwake, na kwamba mwenyewe alimwambia mume alimkaba. Shingoni, sikilizeni vizuri! Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mume au mpenzi, hatari yake ya kuja kuuawa naye inaongezeka zaidi ya mara 7. Mtu anayekushika koo anakuonyesha kwamba roho yako iko mkononi mwake. Binti akija kwako na alama shingoni usimwambie "ndoa ni uvumilivu". Mchukue alale kwako usiku huo.

Wapo wanaume wanasoma hapa na tayari wameshaandaa maoni: "Lakini Qur'ani, an-Nisaa aya ya 34, imeruhusu kupiga." Nilijua mtafika hapo. Aya iliteremshwa kwa nani? Kwa Mtume (swalla Llahu alayhi wasallam). Je, yeye alimpiga nani? Bibi Aisha (radhiya Llahu anha), aliyekaa naye nyumba moja, amesimulia, na Imamu Muslim akapokea, kwamba hakuwahi kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Wanazuoni walioizungumzia aya wameweka mipaka: si usoni, si kwa kuumiza, si kwa kuacha alama. Sasa nionyeshe kitabu gani, cha mwanachuoni gani, kimeruhusu kumkaba mwanamke, kumvunja mkono, kumfungia ndani. Hakuna. Unachokifanya ni hasira yako, usiivishe kanzu. Na sheria ya nchi pia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Kina mama nao wana msemo wao: "Mambo ya ndani hayatoki nje, tunza sitara ya mumeo." Tena wengine husema huo ni uchamungu, kwamba kumsema mume ni kusengenya. Hapana! Wanawake wa Madina walikuja katika nyumba za Mtume kulalamika juu ya waume zao wanaowapiga, kama alivyopokea Abu Daud. Je, aliwaambia rudini mkafiche? Alitoka akawatangazia watu kwamba wanaume hao si wabora wao. Na Fatima bint Qays alipomjia kutaka ushauri juu ya wanaume waliomposa, mmojawao Abu Jahm, Mtume alimweleza waziwazi kwamba huyo fimbo haishuki begani mwake, na wanazuoni wengi wameifasiri kuwa ni mpigaji wa wanawake. Akamshauri aolewe na Usama. Wanazuoni wameichukua hadithi hiyo kuwa dalili: kumtahadharisha mtu juu ya mwenye kudhuru, na mwenye kudhulumiwa kumshtaki anayemdhulumu, hakuingii katika kusengenya kulikoharamishwa. Sitara ni kwa mja aliyeteleza akajuta. Dhulma inayoendelea haistiriwi, inazuiwa.

Kwa hiyo wewe jirani uliyesikia kilio saa nane usiku, kisha kesho yake ukaambiwa kaondoka, una amana shingoni. Ulichosikia ni ushahidi. Surat al-Baqara aya ya 283 imekataza kuficha ushahidi na kumhesabu anayeuficha kuwa moyo wake umeingia dhambini. Kwa ujumla tunaogopa kuitwa mbea kuliko tunavyoogopa kuulizwa juu ya damu.

Na katika sura hiyo hiyo, unajua kwa nini inaitwa ng'ombe? Aya ya 67 mpaka 73. Mtu aliuawa katika Wana wa Israili, wakawa wanatupiana, kila mmoja anasema si mimi. Allah akasema Yeye ni mwenye kuyatoa waliyokuwa wakiyaficha. Sura ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani imechukua jina lake kwenye kisa cha mauaji yaliyofichwa.

Tuzungumzie mwili sasa. Kwa familia hili ndilo lisilopoa. Mtoto wa Adam alipomuua ndugu yake, Allah alimletea kunguru akichimba ardhini, amwonyeshe namna ya kumsitiri. Surat al-Maida aya ya 31. Yule muuaji wa kwanza alijuta kwamba ameshindwa hata kuwa kama kunguru. Fikiria basi huyu wa leo anayechoma mwili, anayeukata, anayeutupa baharini, ameshuka chini ya kiwango cha nani? Maiti ya Muislamu ina haki nne juu yetu: kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa, kuzikwa. Imepokewa kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Mwenye kuficha mwili ameua, kisha akazuia haki hizo zote, kisha akamwachia mama mzazi adhabu ya kugeuka kila mlango unapogongwa.

Australia, jimbo lile la Sydney, mwaka 2022 walipitisha sheria inayoitwa kwa jina la Lynette: muuaji aliyehukumiwa hatatoka gerezani kwa msamaha wa kumaliza kifungo nje mpaka ashirikiane kuonyesha mwili ulipo. Uingereza walikuwa na yao tangu mwaka 2020. Wapo wanaoipinga, wakisema itamkandamiza aliyehukumiwa kimakosa, maana asiyejua hana cha kuonyesha. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na ndiyo sababu ushahidi unapaswa kuwa mzito kabla ya hukumu. Lakini msingi wake naukubali kwa moyo wote, kwa kuwa ndio msingi wa toba kwetu. Dhambi baina yako na haki ya mja, sharti lake ni kurudisha haki. Aliyeiba atubu huku mali iko chumbani kwake? Basi na aliyeua, akawa anaswali safu ya kwanza gerezani na kufunga Jumatatu na Alhamisi, huku anajua shimo liko wapi na hasemi, huyo hajatubu. Aonyeshe kwanza.

Niseme na ya kufanya, maana mnaniandikia sana kuuliza.

Ndugu yako akitoweka, usingoje siku mbili wala tatu. Ile habari ya kwamba lazima yapite masaa 24 isikucheleweshe, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Wewe mama, kaka au rafiki una haki ya kutoa taarifa, usimwachie mume ndiye aende. Ile ndiyo iliyopoteza wiki sita kule Sydney. Chukua namba ya RB, andika jina la askari aliyekuhudumia. Vituo vikubwa Tanzania vina dawati la jinsia na watoto, liulizie. Walio Kenya wana namba 1195, simu ya bure ya ukatili wa kijinsia. Eleza kipigo cha nyuma, eleza vitisho, peleka ujumbe na picha ulizonazo, usione haya.

Na zama hizi uongo umepata chombo kipya. Unapokea ujumbe kutoka simu ya dada yako: "Nipo salama, msinitafute, nitunzieni mtoto." Ujumbe wa maandishi si dada yako. Yeyote mwenye simu yake anaweza kuuandika. Dai sauti. Dai umwone usoni kwa video. Muulize jambo ambalo nyinyi wawili tu mnalijua, jina la paka wenu wa utotoni. Akikataa simu zote na anajibu maandishi tu, peleka simu hiyo polisi kama ilivyo, usifute kitu.

Wengine wameniuliza: Ustadh, mahakama imesema ameuawa, mwili hatuna, tumswalie vipi? Mtume alimswalia Najashi, mfalme wa Habasha, naye yuko mbali na macho yake. Kwa hadithi hiyo Imamu Shafi na Imamu Ahmad wamejuzisha swala ya ghaibu, Imamu Abu Hanifa na Imamu Malik hawakuona hivyo. Wapo pia waliojadili sharti la kuoshwa pale mwili usipofikika. Sisi wa pwani wengi tuko kwa Shafi, basi kifo kikishathibiti kusanyikeni mumswalie, takbira nne, bila jeneza mbele yenu. Na yule mama akikuombeni mtenge mahali pa kumkumbuka bintiye kwa jina lake, msimwambie amezidi. Kaeni naye.

Wallahu a'alam.